Kitambaa cha Bibi na Pasi ya Shangazi

9 Februari

Mtoto wa kaka yangu,

Nakusalimu. Natumaini ulifika shuleni salama na mlezi wa bweni amekupa kitanda kisicho karibu na mlango, maana kifua chako nakijua. Sisi huku ni wazima, kadiri mtu aliyezika anavyoweza kuwa mzima. Baba yako amerudi kwenye karakana yake ya baiskeli. Anakaza nati ambazo hazijalegea. Ndivyo anavyolia yeye. Kuku wa marehemu bibi yako bado wanakuja mlangoni kwake kila asubuhi, wanasimama kidogo, halafu wanaondoka kama watu walioambiwa ofisi imefungwa.

Sasa nikuambie kilichonifanya nishike kalamu, kwa kuwa uliondoka bila kuniaga, na shule yenu hairuhusu simu.

Jumapili ile nilikukuta umepiga magoti kando ya kitanda cha mama yangu, unataka kumwombea kichwa wazi. Wewe, mwenye kitambaa chako mwenyewe! Nilikushonea kwa mikono yangu siku ulipopokelewa kwenye kundi la kina mama na mabinti, nikakupigia pindo la buluu. Kumbe umekifungia kamusi isilowe na mvua. Nikakukataza. Nilitoka kidogo, na niliporudi nikamkuta mama amekata roho, kichwa chake wazi, kitambaa chake kimo mkononi mwako. Mama yangu hakuwahi kuonekana kichwa wazi hata na fundi wa paa. Amekwenda mbele ya Mungu kama mtu aliyetolewa bafuni.

Mazishini nilinyamaza kwa sababu ya watu. Sasa sinyamazi. Kina mama tumekaa, mwenyekiti nikiwa mimi. Ibada ya kumkumbuka marehemu itakuwa Jumapili ya mwisho ya Agosti, ukiwa likizo. Najua aliacha neno kwamba siku hiyo usome wewe. Basi utasoma, lakini uje umefunika kichwa, na kabla ya kusoma usimame mbele ya kina mama ukiri kwamba ulimvua bibi yako kitambaa. Mchungaji amesema mambo ya vitambaa ni yetu, yeye haingilii. Ukikataa, atasoma binti wa mwalimu wa kwaya.

Soma kwa bidii. Funika kifua, kama kichwa kimekushinda.

Shangazi yako


24 Februari

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Barua yako imenifikia baada ya chakula cha mchana, na nimeisoma nyuma ya maktaba ambako hakuna mtu. Mimi ni mzima. Kitanda changu kiko mbali na mlango. Mwaka huu nimechaguliwa kusaidia kupanga vitabu, kazi ambayo wenzangu wanaiona adhabu na mimi naiona zawadi, kwa kuwa vitabu havimsemeshi mtu bila kuombwa. Msalimie baba, na kuku pia.

Sikumvua bibi kitambaa. Naomba nianze na hilo, na nisiulizwe zaidi.

Kuhusu kufunika kichwa wakati wa sala, nimeisoma tena ile barua ya Mtume kwa watu wa Korintho, wala si kwa haraka. Anamzungumzia mwanamke anayesali na kutoa unabii. Maana yake mwanamke huyo anasema, na watu wanamsikia. Kwetu kanisani, kina mama wamefunika vichwa na hakuna hata mmoja anayeruhusiwa kuomba kwa sauti mbele za watu. Tumechukua kitambaa, tukaacha mdomo. Kisha mwishoni Mtume anasema nywele zenyewe mwanamke amepewa ziwe kifuniko, na katikati anawaambia wasomaji wake waamue wenyewe. Nimemuuliza mwalimu wa dini. Amesema watu wenye elimu na imani wamelibishania jambo hili tangu zamani na hawajamaliza. Kama wao hawajamaliza, sielewi kina mama wetu wamemalizaje katika kikao kimoja.

Mimi si mkaidi, shangazi. Siku nikiona kwamba ni amri ya Mungu, nitajifunika mpaka macho. Lakini sitafunika kichwa kwa kuogopa kundi la kina mama, halafu nimwambie Mungu kwamba ni kwa heshima yake.

Nitasoma Agosti kwa sababu bibi alisema. Hukuwepo aliposema. Nilikuwa namsomea, kama kila likizo, naye akaniambia, "Siku ya kunikumbuka, usome wewe. Hawa wengine wanasoma kama wanaofukuzwa na mbwa." Hakutaja kitambaa. Na sitakiri nisichokifanya.

Wako mtiifu katika mengine yote.


30 Machi

Profesa,

Marahaba. Barua yako imekaa mwezi mzima chini ya mkasi wangu. Kila nikitaka kukata kitambaa naiona, naiweka pembeni, nakata, nairudisha. Baba yako mzima. Jogoo mmoja tumemchinja, alikuwa na kiburi.

Umeniandikia ukurasa mzima wa Wakorintho na mstari mmoja wa bibi yako. Nimeuhesabu upendo wako hapo.

Mtume angejua kwamba barua yake itasahihishwa na kidato cha tatu, angeongeza sura. Mwalimu wa dini kakwambia watu hawajamaliza kubishana? Hawatamaliza, ndiyo kazi yao, wanalipwa kwa hiyo. Sisi tuna vyombo vya kuosha. Hebu nikuulize: mwalimu mkuu akiingia darasani, si unasimama? Uliletewa aya gani? Unasimama kwa sababu mtu mkubwa ameingia. Basi na mimi nikifunga kitambaa, ni kusimama kwangu huko.

Tena nikwambie jambo ambalo halimo katika maktaba yako. Nilipokuwa na umri wako, nyumba yetu ilikuwa na kelele kama gulio. Nikifunga kitambaa nikafumba macho, ilikuwa kama mlango umefungwa nyuma yangu na kelele zote zimebaki nje. Mlango huo ninao mpaka leo. Nawashonea wenzangu milango, wewe unaniambia ni woga wa kikao.

Haya, hukumvua. Nani alimvua, malaika? Tangu apooze, mkono wake wa kushoto haukunyanyua hata kijiko. Chumbani mlikuwa watu wawili: mmoja amekufa, mwingine anajua kusoma. Kina mama wananiuliza. Anayenyamaza ameshakiri, ila amekosa adabu ya kulisema.

Shangazi yako, ambaye hajasoma


19 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Ninaiandika kwa sababu nimelelewa, si kwa sababu nina furaha. Mimi ni mzima. Baba msalimie.

Umesema chumbani tulikuwa wawili. Ni kweli. Lakini bibi alikuwa na binti mmoja tu, na siku hiyo binti huyo alikuwa nyumbani. Kwa nini basi tulikuwa wawili na si watatu?

Katika barua yako ya kwanza uliandika, "Nilitoka kidogo." Katika ya pili hukuandika hata hilo. Naomba niandike mimi, maana nina kumbukumbu nzuri, ndiyo sifa pekee unayonipa. Bibi alikuwa anavuta pumzi kwa shida. Aliomba mwenyewe aombewe. Nikapiga magoti. Ukasimama mlangoni ukasema, "Koma! Usimwombee mama yangu kichwa wazi. Ngoja." Ukavuka ua kwenda chumba cha cherehani kutafuta kitambaa. Tukangoja. Bibi akanitazama, mimi nikatazama mlango. Hapo katikati ni vitambaa vingapi vilikuwa vimelala juu ya meza yako, ambavyo ungeweza kunyakua kimoja ukarudi mbio?

Lakini nilisikia kitu kikigonga meza. Du, du, du. Niliijua sauti ile tangu utoto.

Uliporudi ulinitupia kitambaa mapajani kabla hujamtazama bibi usoni. Kilikuwa cha moto, shangazi. Kilikuwa kimekunjwa, na mikunjo yake imenyooka kama ukingo wa karatasi. Mama yako alikuwa anakata roho, na wewe ulikuwa unapiga pasi.

Kanisani wanakuita Mama Pasi ukiwapa kisogo. Nilikuwa nawakataza. Sitawakataza tena.

Ukitaka nisimame mbele ya kina mama nikiri, nitasimama. Nitaeleza yote niliyoyaona siku hiyo, na nitaanza na joto la kitambaa.

Binti wa kaka yako


15 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Natumaini u mzima. Sijapata jibu, na mitihani imekwisha, kwa hiyo nina muda wa kujua kwamba sijapata jibu.

Baba ameniandikia mistari mitatu. Wa kwanza ni wa baiskeli, wa pili ni wa kuku. Wa tatu anasema kina mama wanalalamika kwamba vitambaa vya kanisa siku hizi vinatolewa kabatini vikiwa na makunyanzi, kama vimetafunwa na ndama, na hakuna anayethubutu kukuuliza.

Sijui nikuambie nini. Nilichoandika Aprili nilikiandika ili kikuume. Sikifuti, kwa kuwa ni kweli. Lakini nimegundua kwamba jambo linaweza kuwa kweli na bado mtu asilale vizuri baada ya kulisema.

Bado nataka kusoma Agosti.


20 Julai

Kwa mwanafunzi,

Nakuandikia kwa niaba ya kundi la kina mama na mabinti, nikiwa mwenyekiti.

Kwa kuwa hukutimiza masharti uliyopewa, nafasi ya kusoma katika ibada ya kumkumbuka marehemu amepewa binti wa mwalimu wa kwaya, ambaye ana sauti safi na kichwa kilichofunikwa. Ameanza mazoezi. Anasoma kwa haraka kidogo, ila atazoea.

Uamuzi huu ni wa kikao na hauna rufaa. Ukifika likizo, karibu ibadani kama mtu mwingine yeyote.

Mwenyekiti

Baba yako anakusalimu. Kuna kuku amelalia mayai chini ya kitanda cha marehemu, nimemwacha. Wapo watu hapa wanaouliza kama marehemu alisema neno lolote pale mwishoni. Watu wanapenda kujua mambo kama hayo. Mimi siulizi.


4 Agosti

Shangazi,

Shikamoo. Hapa ni salama. Tunafunga shule wiki ya mwisho ya mwezi. Nimefurahi kusikia habari za kuku.

Nimeisoma barua ya mwenyekiti, na nimeyasoma maneno yaliyoandikwa chini ya jina lake. Nitamjibu yule aliyeandika chini.

Ndiyo, alisema neno.

Ulipovuka ua, bibi alizisikiliza hatua zako mpaka zikapotea. Kisha tukasikia pasi. Alijua ni nini, nami nikajua kwamba amejua. Mkono wake wa kushoto haukunyanyuka, umesema kweli, lakini wa kulia ulinyanyuka. Alijivua kitambaa chake polepole, kikakwama sikioni, nikataka kumsaidia, akatikisa kichwa. Akanivika mimi. Alikivika upande, kikaziba jicho moja la miwani yangu. Akasema, "Jifunike upesi. Mwanangu akikukuta hivyo, leo hatulali."

Akacheka. Hakuwa na pumzi ya kucheka, lakini alicheka. Nikamwombea nikiwa nimefunikwa na kitambaa chake, chenye joto la kichwa chake na harufu ya mafuta yake ya nywele. Unajua alivyokuwa anaitikia amina kabla mtu hajafika mwisho, kama anayemharakisha. Siku hiyo nilifika mwisho, nikasema amina, hakuitika.

Nikajivua ili nimrudishie. Sikuweza kukifunga, kichwa chake kilikuwa kizito. Hapo ndipo ulipoingia.

Sasa umejua kwa nini sikusema. Ningesema, wewe ungeshinda. Ungewaambia kina mama kwamba bibi mwenyewe alinifunika kwa mkono wake wa mwisho, na hoja zangu zote za Wakorintho zingeenda na maji. Nilitaka kushinda kwa hoja. Halafu kuna neno lenyewe. Neno la mwisho la mama yako lilikuwa juu ya ugomvi wako. Nilidhani litakuumiza, nikalificha. Hiyo ilikuwa Januari. Tangu barua yako ya Machi sikulificha kwa huruma tena. Nililiweka kama jiwe mfukoni, nikisubiri siku ya kukurushia.

Sikurushii. Nakupa tu, kwa kuwa ni lako. Mimi nililisikia kwa bahati, kwa sababu hukuwepo. Nimelifikiria mara nyingi kitandani. Mwanzoni nililisikia kama lawama. Siku hizi nalisikia kama neno la mtu anayemjua mwanawe hadi mlio wa pasi yake, na hata akiwa anakata roho alikuwa anampangia asikasirike.

Usidhani naandika haya ili nirudishiwe nafasi. Bado siamini kwamba Mungu anamkataa mtu kwa sababu ya kitambaa. Nitakuja ibadani, nitakaa benchi la nyuma, kichwa wazi. Mwambie binti wa mwalimu wa kwaya apunguze mwendo. Bibi hakimbizwi.

Binti wa kaka yako


16 Agosti

Mtoto wa kaka yangu,

Barua imefika. Vifaranga wametoka, wako chini ya kile kitanda, wanapiga kelele kama kikao. Baba yako mzima. Amepaka rangi baiskeli ambayo mwenyewe hajaagiza rangi.

Binti wa mwalimu wa kwaya amepata mafua, sauti imekauka. Mwenyewe anasema ni madogo. Mimi nimemtazama, nimeona ni mafua ya kukaa. Hayatapona kabla ya Jumapili ile. Kwa hiyo utasoma wewe. Usijione umeshinda. Ni mafua.

Kina mama nimewaambia kwamba marehemu alijivua mwenyewe na alikuwa na sababu yake. Wakauliza, sababu gani? Nikawaambia kila mtu ashike lake. Hakuna atakayekuuliza kitu mlangoni. Akikuuliza, mlete kwangu.

Hoja zako sijakubali hata moja. Kuna jambo uliliandika Februari la kina mama na midomo yao. Hilo nimelisikia, silijibu. Na yale ya Aprili sijakusamehe. Yalikuwa kweli, ndiyo maana. Huenda nikakusamehe, huenda nikashindwa. Usiniulize kila likizo.

Umeandika kwamba alicheka. Umeandika kwa ufupi sana, na wewe ni mtu wa maneno mengi. Ukifika, kabla hujafungua sanduku lako, utakuja chumba cha cherehani unieleze alicheka vipi. Kama ni kile kicheko cha puani, au kile kingine.

Ndani ya kifurushi hiki kuna kitambaa chake. Ukivae usikivae, hayo ni yako na Mungu wako. Mimi nitakuwa benchi la mbele na nitakuwa nimefumba macho. Ila nakuonya jambo moja. Sijakifua wala sijakipiga pasi. Yale makunyanzi ni ya kichwa chake. Usiyanyooshe.

Shangazi yako